Gia ya nne iliyochelewa

Mwaka 2011, katika gereji moja ya Kisenyi, Kampala, mzee wa Bombo alituletea Mercedes-Benz 230E ya umbo la W123, otomatiki ya gia nne, aliyoinunua Mombasa. Kule ilibadili gia kwa ulaini. Huku ilikokota gia ya tatu mpaka kilomita 80 kwa saa hata ikikanyagwa kidogo, kisha ya nne ikaingia kwa kishindo. Alikwishaambiwa kwingine anunue giaboksi nzima.

"Mzee, giaboksi isubiri kwanza," nilimwambia.

Kuchelewa na kishindo ni maradhi mawili. Wakati wa kubadili gia huamuliwa na presha mbili za oili zinazoshindana: ya gavana, kifaa kinachopima mwendo wa gari, inayopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na ile inayofuata kebo ya akselereta. Kebo ikivutwa sana, gavana hungoja mwendo mkubwa zaidi. Ugumu wa kuingia gia hutawaliwa na moduleta, kikopo chenye kiwambo kinachovutwa na vakyumu ya injini, yaani mvuto wa hewa ambao injini hufanya inaponyonya. Vakyumu ikipungua, moduleta huchukulia kwamba injini imebeba mzigo mzito, nayo hukaza klachi za ndani ya giaboksi kwa nguvu.

Tulianza na oili: injini imepata moto, inaunguruma, gia iko P, ya kuegesha. Kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia kuna takriban lita 0.3 tu, na oili ikizidi hufanya povu. Ilikuwa sawa, nyekundu, haina harufu ya kuungua. Mpira unaoleta vakyumu kwenye moduleta ulikuwa mkavu ndani. Ungelowa oili, kiwambo kingekuwa kimepasuka. Lakini kiungo chake cha pembeni kilikuwa kimekauka na kupasuka, kinavuta hewa. Tukaweka kipya.

Geji ya vakyumu ikasoma karibu milimita 350 za zebaki. Pwani ningetaka 450. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, presha ya hewa yenyewe imepungua kwa milimita 100 hivi, kwa hiyo usomaji ule ulikuwa mzuri kabisa. Mafundi wengi husahau jambo hili, wakatafuta tundu ambalo halipo! Hewa hiyo hiyo nyepesi hupunguza nguvu ya injini, dereva akakanyaga zaidi, kebo ikavutika, gia ikachelewa.

Na kebo hii ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Tuliilegeza mpaka, pedali ikiwa imeachwa, isilegee wala isivute. Moduleta huguswa mwisho: ondoa kifuniko cha mpira, vuta ufunguo mdogo ulio chini yake, uzungushe nusu mzunguko kinyume cha saa ili kulainisha, kisha jaribu barabarani. Ukilainisha mno klachi huteleza na kuungua, na hapo ndipo giaboksi hufa kweli.

Kwenye Barabara ya Bombo gia ya nne iliingia kabla ya kilomita 60. Gari hili huondoka na gia ya pili likikanyagwa taratibu, kwa hiyo mabadiliko yanayosikika ni mawili tu. Nilimweleza mzee asije akadhani gia ya kwanza imekufa. Kisha akakanyaga mpaka chini, ikashuka ya tatu papo hapo.