Leo tumekabidhiana zamu kando ya kitanda

Miaka yote tumekabidhiana zamu kwenye meza ya wauguzi, mgonjwa hasikii lolote.

Kuanzia leo tunafanya mbele yake, na yeye anaulizwa.

Kitanda cha tatu, mwenzangu akasoma faili: "Hana mzio wa dawa."

Mama akainua mkono taratibu, kama mwanafunzi darasani.
"Samahani mwanangu, penisilini hunivimbisha midomo."

Kalamu ikasimama. Sindano ya penisilini ilikuwa ianze saa nne! Tukaandika kwa wino mwekundu, daktari akabadilisha dawa.

Ule mkono bado nauona. Siku mbili yumo wodini, na alikuwa anasubiri ruhusa ya kusema.

Mliowahi kulazwa, kuna jambo mlitamani kuulizwa? Niambieni, nitalipeleka kikaoni.