Bombomu ya Mjapani

Kumbe risasi zinapakwa mafuta! Yani sikua najua kabisa mpaka jana, mzee mmoja jirani yangu hapa Arizona anayekusanya silaha za vita ya pili alinichukua renji, uwanja wa kulengea shabaha, kujaribu bombomu (bunduki ya rashasha) yake ya Kijapani, Taipu 96, na kazi ya kwanza aliyonipa ni kukaa na kitambaa napaka mafuta risasi moja moja kabla hajazishindilia kwenye magazini. Aliyeisanifu, Kijiro Nambu, alitaka kuachana na hayo mambo, maana ile yake ya 1922 ilikua na pampu ya mafuta humo humo ndani na vumbi likiingia basi tena ni tope, lakini hata hii maganda yakawa yananasa kwenye chemba ikabidi mafuta yarudi, safari hii kwenye kile kifaa cha kujazia magazini. Sa fikiria uko msituni, mvua inanyesha, unapigana na huku unawaza mafuta. Mi ningetoroka.

Ni ya 1936, hiyo 96 imetoka kwenye mwaka 2596 wa kalenda yao ya kifalme. Magazini inakaa juu, risasi 30 za milimita 6.5, uzito kilo 9 hivi, na mbele kuna sehemu ya kufunga singe. Singe kwenye bombomu jamani! Na kwa wanaojiuliza, ni halali, imesajiliwa, Marekani zinasajiliwa na kulipiwa kodi tangu 1934, halafu 1986 wakafunga usajili mpya kwa raia, kwahiyo zilizopo ndo hizo hizo na bei yake ni ya gari, tena la maana.

Mzee hakua na haraka maana ilikaa stoo miaka. Akatia risasi moja, akapiga, akaokota ganda akaligeuza geuza juani anatafuta ufa. Halafu mbili. Halafu tano. Ndo akaniachia, nikalala chini nikaweka kitako begani. Nilitegemea teke, wapi bana, risasi yenyewe ndogo na lile chuma zito linameza kishindo chote, inaenda ta-ta-ta-ta bila papara na karibu zote zikaingia kwenye ubao. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Halafu nikawakumbuka Keya, wale askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, walishuka bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua zile za kutisha wakiwafukuza Wajapani mpaka Kalewa, mto Chindwin, Desemba. Kwetu hakuna aliyeenda kwahiyo sina babu wa kumsimulia hapa, ila yule wa mbele kabisa kwenye mstari, kanjia kembamba, haoni kitu, anasikia tu ta-ta-ta kutoka kichakani. Kinachonisumbua ni ule ulaini wa hii bombomu. Silaha inayoruka ruka unaiogopa hata wewe uliyeishika, hii inakufanya ujione fundi ndani ya dakika. Na Mjapani aliyelala nyuma yake nae pengine alikua mtoto wa mkulima tu, kaletwa.

Mzee akauliza kama nataka magazini nyingine nikamwambia piga wewe tu, nikaenda kuokota maganda, maana hatupi hata moja, anayajaza tena mwenyewe, risasi za saizi hiyo madukani ni za kubahatisha.