Ndoo ya mbwa

Jana jioni tulipukuchua mahindi. Mvua ya huku Tukuyu haijapumzika tangu Jumatano, kwa hiyo tulikaa jikoni karibu na moto, mimi, mama na wanangu wawili. Katikati turubai la mahindi mazuri, pembeni ndoo. Mama amepanda kutoka Busokelo kutusaidia mavuno, na ndoo aliiweka yeye kwa mkono wake, kama alivyoiweka miaka yote nilipokuwa mdogo. Mwanangu wa mwisho akakuta hindi limeota ukungu wa kijani kuanzia nchani. Akaligeuzageuza, akaniuliza, "Mama, hili la ndoo ya mbwa?"

Mama akainua macho akanitazama. Nilishindwa kujibu palepale.

Ukilelewa Rungwe, ndoo ya mbwa unaijua bila kufundishwa. Punje nzima ni za watu. Zilizobunguliwa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi kwa sababu mvua iliwahi kabla hayajakauka, zinaingia ndooni. Zinasagwa mwisho, unga wake unapikwa uji mzito, mbwa anakula. Hakuna anayefanya hivyo kwa ukatili. Chakula hakitupwi, na mbwa hakatai. Ndivyo nilivyomlisha Askari miaka sita.

Askari alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa anamsindikiza binti yangu shule mpaka mwisho wa shamba la chai, anasubiri avuke barabara, ndipo anarudi. Mwaka juzi mwezi wa saba aliacha kula. Nilidhani kaokota kitu jalalani. Siku ya tatu alitapika, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na nilipomfungua mdomo nimnyweshe maji nikaona fizi za manjano. Macho pia. Bwana mifugo alipofika alimbonyeza tumbo, akauliza anakula nini. Nikamletea debe la unga. Akachota kidogo kiganjani, akanusa, akanyamaza muda.

"Dada," akasema, "ini limeharibika. Na unga huu una ukungu."

Alikufa alfajiri ya siku ya tano, juu ya gunia lake pale mlangoni. Mpaka leo nikipita pale usiku nachepuka kidogo, nisimkanyage.

Neno sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, halikuwa geni kwangu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na redioni tuliambiwa tuanike vizuri, tusianike chini kwenye udongo, tuchambue. Nikachambua! Nilichambua kwa bidii kuliko majirani zangu wote. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba sumu haijagawanyika sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizotobolewa na wadudu na kuota ukungu ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Kwa hiyo kila nilipowachambulia watoto wangu chakula safi, nilikuwa naikusanya sumu ya gunia zima kwenye ndoo moja, kisha nampa kiumbe mmoja, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Na ini la mbwa ni miongoni mwa yanayoumia upesi kwa sumu hii. Kupika hakukumsaidia. Moto unaua ukungu, sumu yenyewe inabaki kwenye uji.

Baadaye nilisoma kwamba hata sumu yenyewe ilijulikana kupitia mifugo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, wakachunguza wakakuta chanzo ni mashudu ya karanga yenye sumu ya ukungu kwenye chakula chao. Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Wanyama walikufa kwanza, sisi tukajua.

Sasa tuna Tuone. Mjomba alituletea kutoka Kyela mwezi wa pili, kimbwa cheusi kinachoweza kukaa ndani ya kikapu, na tangu siku ile nimekuwa nikiwaza chakula chake kuliko changu. Niliposhuka Mwanjelwa niliingia duka la mifugo, nikashika mfuko wa chakula cha mbwa kilichokaushwa. Ni kizuri, sikatai. Kuna cha watoto na kuna cha wakubwa, kwa sababu mifupa inayokua inataka kalsiamu na fosforasi kwa uwiano. Lakini nilipiga hesabu nikaona mwezi huu ningeweza, mwezi ujao nisiweze, na kumbadilishia mbwa chakula ghafla ni kumharisha. Nikaurudisha.

Basi anakula dona letu, la gunia lilelile tunalokula sisi. Ugali si adui wa mbwa. Ameishi na watu muda mrefu hadi tumbo lake limezoea wanga. Ila ugali peke yake haumkuzi. Namchanganyia usipa unaopanda na magari kutoka Matema. Nauosha mara mbili kutoa mchanga, nauchemsha, anaula mzima na miiba yake, na kwenye miiba ndiko iliko kalsiamu. Boga likiwepo naponda humo. Mara tatu kwa siku, kidogokidogo, kwa kuwa bado mdogo. Siku ya gulio nanunua mapafu au utumbo, na hapo sifanyi mchezo: vinachemka mpaka viive kabisa. Mapafu na maini mabichi huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye tegu. Mbwa akila, mayai yanatoka na kinyesi chake na kurudi kwenye mikono ya watoto.

Makombo ya mchuzi simpi, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, hiyo naizika. Na kokwa za parachichi! Hapa kwetu zimezagaa kila ua, Tuone anazichezea kama mpira, nami nazunguka asubuhi nikiziokota kabla hajameza moja ikamziba utumbo.

"Mbwa anapikiwa kama mkwe," mama alisema siku alipofika. Sikubishana naye. Yeye amepitia miaka ya njaa, na kumwambia mama wa namna hiyo kwamba mahindi yatupwe, hata mabovu, ni neno zito.

Jana nilimjibu mwanangu kwamba hilo halina ndoo. Si la mbwa, si la kuku, si la nguruwe wa jirani. Akauliza sasa la nani. Nikasema tutalichimbia shimo. Mama aliendelea kupukuchua, vidole havikusimama, na mpaka tunakwenda kulala ndoo ilikuwa imefika nusu.

Leo nimeamka saa kumi na mbili nikaikuta imeoshwa, imeinamishwa ukutani. Nyuma ya migomba kuna udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na jembe la mama bado lina tope. Hajasema kitu, nami sijamuuliza. Tuone alishafika pale kabla yangu, anafukua kwa miguu yote miwili. Nimemfukuza, nikabingirisha jiwe juu ya udongo ule, kisha nikaenda kuinjika usipa.