Indiketa za LED kupepesa kasi: jinsi nilivyotatua

Ukiweka LED kwenye indiketa ya gari, mara nyingi taa huanza kupepesa kasi, karibu mara mbili ya kawaida. LED si mbovu. Balbu ya kawaida ya wati 21 hunyonya takriban ampea 1.75 kwenye volti 12. LED hunyonya sehemu ndogo tu ya hapo, basi flasha, yaani kifaa kinachopepesha indiketa, hudhani balbu imeungua.

Dawa ilikuwa kubadilisha flasha yenyewe, kuweka ya kielektroniki isiyotegemea mzigo (kiasi cha umeme ambacho taa hunyonya), yenye pini tatu: B ni umeme unaoingia, L huenda kwenye taa, E ni ethi, yaani hasi inayounganishwa na bodi ya gari. Linganisha mpangilio wa pini kabla ya kuchomeka, maana B na E hubadilishana nafasi kati ya flasha na flasha. Ya zamani ikiwa na pini mbili, E ipewe waya wake hadi kwenye bodi.

Gari ambalo kompyuta ndiyo inayopepesa taa halina flasha ya kung'oa. Hapo, ili kompyuta ione mzigo kama wa balbu, funga rizista (kipande kinachonyonya umeme) ya omu 6, wati 50, sambamba na kila LED, kati ya waya wa indiketa na ethi. Ukiiunga kwa mfululizo, yaani katikati ya waya unaoenda kwenye LED, haisaidii kitu. Rizista hiyo huchoma mkono kweli, kwa hiyo ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na waya.

LED ya kuchomeka isipowaka, igeuze kwanza, kwa kuwa ina chanya na hasi. Na nyuma ya kioo cha chungwa weka LED ya chungwa. Nyeupe huonekana imepauka.