Jezi namba 66

Jana binti yangu alikuwa akipekua sanduku la juu ya kabati, akaibuka na jezi nyeusi iliyopauka. "Baba, 66 ni nani?" Nilianza kumjibu, nikajikuta nimekaa kitandani, jezi mapajani, chai imepoa.

Ni ya Pittsburgh, Marekani, miaka ile ya masomo na vibarua vya usiku. Aliyenijia jana ni yule mzee tuliyekuwa tukisafisha naye ofisi.

Yeye ndiye aliyenifundisha hoki ya barafu, akipanga wachezaji mezani kwa vifuniko vya chupa. Alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma. Viwanda vilipofungwa miaka ya 1980, mji ukawa unapungua watu, na katika kupungua huko akaja huyo 66, Mario Lemieux, kijana wa Montreal, Kanada, kuichezea klabu ya mji, Penguins, mwaka 1984. Shuti lake la kwanza lilikuwa bao. Akawaletea Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, 1991 na 1992. Ila mzee hakuchoka kuisimulia tarehe 2 Machi 1993: mchana Lemieux amemaliza tiba ya mionzi ya saratani, usiku yuko uwanjani Philadelphia, amefunga, na mashabiki wa wapinzani wamesimama kumpigia makofi.

Basi, tarehe 24 Januari 2006 tulikuwa chumba cha mapumziko, televisheni ndogo juu ya friji. Taarifa ya habari ikamwonyesha Lemieux ndani ya suti. Ana miaka 40 na anastaafu. Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio, na mchezo wenyewe, alisema, sasa ni wa vijana.

Mzee alikuwa amesimama, kitambaa mkononi. Akapunguza sauti mpaka ikazimika kabisa, lakini macho hayakubanduka kwenye kioo. Midomo ya Lemieux inacheza, hatusikii neno. Nikaona nimfariji. Nikamwambia, "Hata 1997 alistaafu, akarudi." Na ni kweli, alirudi Desemba 2000 akiwa mmiliki, kwa sababu klabu ilifilisika 1998 ikiwa na deni lake la mamilioni ya mishahara, naye akakubali sehemu ya deni iwe hisa. Mzee hakunigeukia. Alijigusa kifuani kwa vidole viwili.

"Safari hii ni moyo, mwanangu."

Akaanza kufuta meza tuliyokuwa tumeshaifuta. Kitambaa kikizunguka palepale, palepale, mpaka meza ikaanza kulia. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na timu?"

Sikuwa na jibu. Mwezi huohuo klabu ilikuwa imetangaza kutafuta mnunuzi. Ilikuwa mkiani. Uwanja wake, Mellon Arena, lile kuba la chuma lililofunguliwa 1961, ulikuwa umezeeka, mkataba wa klabu kuutumia ungeisha katikati ya 2007, na wa kujenga mwingine hajulikani. Miji mingine ya kuihamishia timu ilikuwa ikitajwa. Tumaini lililobaki ni mchezaji chipukizi Sidney Crosby, mwenye miaka 18, akiishi nyumbani kwa Lemieux. Mzee alikuwa amekwisha kuona kazi ikiondoka mjini na isirudi. Na mimi aliyekuwa akiniuliza nilikuwa mtu niliyeondoka kwetu. Ningemwambia nini kuhusu kubaki? Mpaka leo nalitafuta neno ambalo lingefaa usiku ule.

Miezi michache baadaye alihamia kwa bintiye, jimbo jingine. Jezi niliikuta kwenye toroli langu la usafi, ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi yenye namba ya simu.

Tarehe 13 Machi 2007 wakatangaza: makubaliano yamepatikana, uwanja mpya utajengwa, timu inabaki. Mwaka 2009 Crosby, akiwa nahodha, akanyanyua kombe. Uwanja mpya ukafunguliwa 2010, na lile kuba wakaja kulibomoa.

Siku ile ya Machi nilipiga ile namba. Iliita mpaka ikakatika. Jioni nikapiga tena, na kesho yake asubuhi.

"Kwa hiyo hakujua?" binti yangu akauliza.

Nikasema huenda alisikia kwenye habari, habari ile ilikuwa kubwa. Akanitazama kidogo, akaivaa jezi. Mikono ilimfika magotini. Akaenda nayo nje kucheza, nami nikamwacha.