Homa ya ndege, redio na kuku wetu wa Busia

Wiki hizi za mwanzo wa 2017 hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hata salamu zimebadilika, mtu kabla hajakuuliza habari za watoto anakuuliza kuku wako bado wapo? Ilianzia kule ziwani, Lutembe karibu na Entebbe, wale ndege wanaokuja kila mwaka kukimbia baridi ya kwao wakaonekana wamekufa ufukweni, alafu bata na kuku wakafa upande wa Masaka, na katikati ya Januari serikali ikatangaza kwamba ni mafua ya ndege. Kenya haikukawia, ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka kwetu. Na huu mji unaishi kwa kuvusha vitu.

Mimi sitamcheka mtu anayeogopa. Picha iliyorudiwa kwenye TV kila taarifa ni ya watu wamevaa yale maovaroli meupe, barakoa, glavu, wanaokota mizoga ya ndege. Na ni sawa kabisa, anayeshika mzoga kama ule lazima ajikinge. Lakini sisi tukiona nguo zile akili inaenda moja kwa moja Gulu mwaka 2000, Ebola ile iliyoua watu 224, ikamchukua hadi Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliyekuwa anawahudumia wagonjwa. Shangazi yangu aliishi kule wakati ule. Alipoona zile picha alizima TV, akamwita kijana wa nyumbani, kuku wote wachinjwe wazikwe, na ni kuku wa kienyeji wazima wanaparura vizuri tu nyuma ya jiko. Nikamsihi, shangazi ngoja kwanza nimpigie daktari wa mifugo. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hukuwa Gulu." Nikakosa la kusema. Kuku wamezikwa.

Hapo ndo nina neno na watu wa redio. Mtangazaji anasoma "ugonjwa hatari umeingia Uganda", anaongeza kwamba unaua zaidi ya nusu ya watu wanaoupata, alafu tangazo la sabuni, alafu muziki. Hiyo hesabu ni ya wagonjwa walioripotiwa wa H5N1, aina nyingine kabisa ya mafua ya ndege. Cha kwetu maabara imesema ni H5N8, na mpaka mwanzo huu wa 2017 hakuna mtu popote duniani aliyeripotiwa kuugua kwa hiyo. Habari ya kwanza tuliisikia asubuhi mchana usiku. Hii ya maabara mimi niliipata kwa grupu ya wasap, kwa mtu anayesomea mifugo, na wengi sokoni bado hawajaisikia.

Kwa hiyo woga umeenda kukaa pasipo pake. Kijana wa rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pale stendi anauza chapati na maharage, trei za mayai zimepangwa pembeni hakuna anayegusa, wakati yai lake linaingia kwenye mafuta ya moto na kirusi cha mafua nyuzi 70 tu zinakimaliza. Lakini tembea hatua chache tu utakuta wamama wananyonyoa kuku mikono mitupu, damu na manyoya chini, watoto wanachezea vichwa. Na kibaya zaidi ni hiki, mfugaji akiona kuku wawili wamesinzia, kwa ile hofu ya hasara hamwambii mtu, anawafunga miguu kabla hakujakucha anawapeleka gulioni kwa bei ya kutupa. Redio imemwambia aogope, haijamwambia ampigie nani na kuku wake watakuwaje akishapiga. Kama ugonjwa ungefika huku, kwa njia hiyo ungezunguka wilaya nzima ndani ya kikapu cha boda.

Mwaka 2009 mafua ya nguruwe yalipoanzia Mexico na Marekani, Misri iliamuru nguruwe wake wote wachinjwe, kama laki tatu hivi, na wakati huo haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na mafua yenyewe yalikuwa yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Waliokuwa wanaishi kwa wale nguruwe ni watu maskini wa kuzoa taka Cairo. Nawawaza sana siku hizi nikimwangalia yule kijana wa rolex.

Nimeenda kuongea na mtangazaji mmoja wa hapa, kijana mzuri, hana ubaya, anasema anasoma anacholetewa. Tumekubaliana Jumamosi daktari wa mifugo aje studio ajibu simu kwa Kiswahili na Kisamia, saa nzima, bila kusoma karatasi. Nakusanya maswali kwa hiyo mlioko huku nitumieni. Mpaka sasa ninayo ya wamama wa sokoni, kama glavu za kufulia zinafaa kwa kunyonyolea na wakizikosa wafanyeje, na mzee mmoja anauliza ukikuta ndege amekufa kisimani maji yale unyweshe mbuzi au umwage. Na shangazi naye ametuma lake, anataka kujua baada ya muda gani anaweza kununua vifaranga.