Hosteli yetu ya Kigoma na duka la katikati

Desemba 5, 2005 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma. Mchana ule vyombo vya mama vilianza kugongana kabatini, na ukuta wa sebule ukapasuka kuanzia kona ya dirisha hadi chini. Tetemeko lilikuwa limetokea chini ya Ziwa Tanganyika, ukubwa wake 6.8, na ng'ambo kule Kalemie nyumba zilianguka. Usiku huo tulilala uani.

Kwa hiyo nilipokuwa injinia na kuletewa michoro ya hosteli ya wanafunzi, ghorofa tatu za vyumba juu ya maduka, jicho langu lilikwenda chini kwanza. Juu kila chumba kina kuta zake za tofali. Chini kuko wazi: maduka sita yanayotazama barabara, milango mipana, na nguzo za sentimita 23 kwa 23 ili zijifiche ndani ya ukuta. Ardhi ikitikisika, zile ghorofa za juu husogea pamoja kama sanduku, kwa sababu tofali zinazikaza. Mtikisiko wote unaziangukia nguzo za chini, ambazo hazina cha kuzisaidia. Zikivunjika, kila aliyelala juu anashuka nazo.

Mwenye jengo ni mama mfanyabiashara wa hapahapa. "Mwanangu," aliniambia, "maduka ndiyo yatakayolipa mkopo." Alikuwa na haki, na sikutaka kumfunika kwa mahesabu. Nilimkumbusha Bukoba, Septemba 10, 2016. Tetemeko lile lilikuwa la 5.9, dogo kuliko letu, lakini lilipiga karibu, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa jinsi majengo yalivyoharibika. Mabweni, mama, kama haya yako.

Akakubali tuongeze kuta za zege chini kuzisaidia nguzo, ila zote ziwekwe nyuma na pembeni, mbele pasiguswe. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Nyuma pakiwa pagumu na mbele pakiwa palegevu, jengo halisogei sawasawa, linajipinda, na nguzo za mbele ndizo zinazoumia zaidi. Mezani palikuwa na sinia ya chai. Niliishika ukingo mmoja tu nikaitikisa, vikombe vikateleza upande. Nikaishika pande zote mbili nikaitikisa vilevile, vikatulia. Alivitazama vikombe muda mrefu, kisha akauliza, "Duka lipi?"

La katikati. Likawa stoo ya jiko, na mbele yake ukasimama ukuta wa zege unaolingana na ule wa nyuma. Nguzo nikazipanua hadi sentimita 40 kwa 40. Matangi manne ya lita 5,000 yaliyokuwa yapande juu ya paa nayo tuliyashusha kwenye mnara wake uani, maana yakijaa ni tani 20, na mzigo ukiwa juu ndivyo unavyolivuta jengo zaidi linapoyumba.

Fundi wa nondo ni mzee aliyeianza kazi hii kabla sijazaliwa, nami nilimwendea kwa heshima hiyo. Yeye amezoea kukunja ncha za ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za nguzo, nyuzi 90, kazi inakwenda haraka. Nilimwomba tukae chini, nikamwonyesha kwa kipande cha waya: zege la nje likibanduka, ncha ya namna hiyo inafunguka, ringi inaachia, nondo zinapinda. Ikikunjwa nyuzi 135, ncha inazama ndani ya moyo wa nguzo na haitoki. "Basi injinia, mkono utachoka, lakini tutakunja," akasema. Karibu na sakafu na karibu na boriti tulizipanga kila sentimita 10. Pale nguzo na boriti zinapokutana, ambapo nondo zimesongamana na mafundi wengi huacha kabisa kuweka ringi, alikaa juu ya jukwaa nusu siku akiziingiza moja moja.

Asubuhi ya kumwaga zege la nguzo nilipita na futi mkononi, nguzo baada ya nguzo. Mbili zilikuwa na ringi zilizoachana sentimita 16 miguuni. Vijana walikuwa tayari na ndoo, mashine inanguruma. Niliomba izimwe. Mzee mwenyewe alishika koleo akazifungua na kuzifunga upya, na zege likaanza saa nne badala ya saa moja.